Shujaa mmoja, vipindi vitano

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili jijini Dodoma anazijua fasili. Muulize kisasili ni nini, atakujibu kwamba ni hadithi inayoeleza asili ya watu au vitu. Muulize kisakale, atasema ni hadithi ya shujaa aliyetukuzwa na jamii yake, kisha atakutajia sifa zake kwa mpangilio ule ule alioukuta ubaoni, na kwenye mtihani atapata alama zote. Mwombe sasa akusimulie kisakale kimoja cha nyanda hizi za kati alikozaliwa. Hapo ndipo wengi wao hunyamaza, au hukimbilia Pwani kumwazima Fumo Liyongo.

Si kosa la mtoto. Hadithi za mashujaa tumezifungia kwenye mada moja ya fasihi simulizi, na hata humo tumefundisha majina ya tanzu kuliko hadithi zenyewe. Swali ninalotaka kulichambua ni hili: watoto wa miaka 11 hadi 15 wafundishweje mashujaa na visasili, na katika masomo yapi? Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 umri huu ulikuwa na shule zake, zilizoitwa shule za kati, kuanzia darasa la tano hadi la nane. Leo umegawanyika: nusu yake ni madarasa ya juu ya shule ya msingi na nusu ni vidato vya mwanzo vya sekondari. Ni umri wa mtoto aliyekwisha kuacha kuamini kila anachoambiwa, lakini bado anapenda kusimuliwa. Mwalimu hatapata tena hadhira ya namna hiyo.

Mtaala mpya umeufungua mlango. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilianza kutekelezwa Januari 2024 pamoja na somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalosomwa kwa Kiswahili shule za msingi na za sekondari. Hatua hii naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kuweka historia na maadili chini ya paa moja kuna hatari yake, na inafaa isemwe mapema: shujaa anaweza kugeuzwa kuwa mfano wa kuigwa na basi. Alikuwa jasiri, tuwe jasiri. Aliipenda nchi yake, tuipende nchi yetu. Mtoto wa miaka 13 akisikia hivyo mara tatu hafungui tena masikio. Maoni yangu ni kwamba shujaa anastahili kuingia katika kila somo, na kila somo limuulize swali lake lenyewe kwa kipimo chake lenyewe cha ukweli. Fasihi iulize hadithi imejengwaje, historia iulize ushahidi uko wapi, sayansi iulize jambo hili linawezekana vipi, hisabati iulize ni kiasi gani. Masomo yote yakiuliza swali moja tu, yaani tunajifunza nini kutokana na shujaa huyu, tumepoteza vipindi vinne.

Uwanda wa kati hauna upungufu wa mali ghafi. Wagogo wana simulizi za mbari zao zinazotaja njia walizopita, milima waliyolala na visima walivyovikuta. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikusanya nyingi kati ya hizo katika kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954. Huyu ndiye mshairi ambaye taifa zima linamjua kwa ngonjera. Watoto wanaokariri ngonjera kila sherehe ya shule, hata hapa Dodoma, ni wachache wanaoambiwa kwamba mtunzi aliyelipa umbo hilo umaarufu alitoka kwao, na kwamba alikuwa pia mwandishi wa historia. Singida kuna Liti wa Wanyaturu. Kondoa kuna miamba yenye michoro, na kuna Wasandawe ambao simulizi zao zimekusanywa na wageni kuliko zilivyosomwa na wenyeji. Kusini, ukivuka Ruaha, unaingia kwa Mkwawa wa Wahehe. Na Kongwa, baada ya uhuru wa Tanganyika, palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na Angola, watu ambao leo wamekuwa visakale vya nchi nyingine.

Nianze na Liti, kwa sababu yeye ndiye anayeonyesha vizuri zaidi kazi inayowezekana.

Simulizi za Wanyaturu zinasema kwamba Liti Kidanka alikuwa mwanamke mwenye nguvu za uganga aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba silaha yake ilikuwa nyuki. Askari walipokaribia, nyuki waliwavamia na kuwatawanya. Mwishowe Wajerumani walimuua. Uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa una jina lake, kwa hiyo mtoto wa Singida hulisikia jina la Liti redioni kila timu ya mkoa inapocheza nyumbani. Swali ni kama atalisikia darasani, na akilisikia, atalisikia kwa namna gani.

Kipindi cha Kiswahili kinaweza kumsimulia kama kisakale: nani anasimulia, anarudia nini, anaacha nini, kwa nini shujaa ni mwanamke, kwa nini nyuki na si simba. Hapo hatuulizi kama ni kweli. Tunauliza hadithi inafanyaje kazi.

Kipindi cha Sayansi kinaanza mahali pengine kabisa. Singida ni nchi ya asali. Mizinga inaning'inia mitini, na watoto wengi wana baba au mjomba anayerina. Nyuki wa Afrika Mashariki wana ukali unaojulikana na wafugaji duniani kote. Nyuki mmoja akichoma, huacha mwiba pamoja na kemikali yenye harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ni wito kwa wenzake: adui yuko hapa. Ndiyo maana mrina asali mzoefu hutumia moshi, kwa kuwa moshi unaifunika harufu ile na kuwapoza. Mwalimu anaweza kuuliza: kundi la askari wenye jasho na kelele likipita karibu na mizinga iliyochokozwa, nini kitatokea? Je, mtu anayewajua nyuki tangu utoto anaweza kuwatumia kama kinga? Darasa zima litakuwa na la kusema, na yule mtoto ambaye hajawahi kunyoosha mkono atasimama aeleze baba yake anavyovaa akienda kurina usiku.

Kisha inakuja zamu ya Historia, ambayo inatafuta mfano wa kulinganisha. Upo, na ni maarufu. Novemba 1914, katika mapigano ya Tanga, makundi ya nyuki yaliwashambulia askari wa jeshi la Uingereza katikati ya vita, na walikuwapo Waingereza walioamini kabisa kwamba Wajerumani waliwatega nyuki wale kwa makusudi. Mwaka 1947 na baada yake, mradi wa karanga wa Kongwa ulipoanza kung'oa mibuyu, wafanyakazi walishambuliwa na nyuki waliokuwa ndani ya miti hiyo. Mwanafunzi akiyaweka matukio haya matatu mezani anagundua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, simulizi ya Liti haitupwi kando kama uongo wa wazee, kwa sababu nyuki wamevuruga majeshi yenye bunduki mchana kweupe. La pili, Mzungu naye, alipopatwa na jambo lile lile, alitunga maelezo ya hila na nguvu zisizoonekana. Visasili havitungwi na watu wa kabila moja wala wa rangi moja. Huko ni kufikiri kihistoria, na mtoto amefikia hapo bila kuambiwa amheshimu Liti. Heshima imekuja yenyewe.

Jiografia itauliza kwa nini nyuki wako Singida kwa wingi namna hiyo, itaingia kwenye misitu ya miombo na vichaka vya Itigi, na itaonyesha kinachowapata nyuki miti inapogeuzwa mkaa. Sitakaa hapo, walimu wa Jiografia wanaijua kazi yao.

Mkwawa ni habari nyingine, kwa sababu yeye ana tarehe. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake lilimshinda na kumuua Emil von Zelewski pale Lugalo. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mwaka 1898 Mkwawa akajiua badala ya kukamatwa, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo. Lilirudi mwaka 1954 tu, likakabidhiwa na Gavana Edward Twining kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Leo linaonekana katika makumbusho ya Kalenga.

Hayo yote yanafundishwa, angalau kwa ufupi. Lisilofundishwa ni namna Twining alivyolipata fuvu lenyewe, na hapo ndipo mwalimu wa Hisabati anapopaswa kuitwa. Katika jumba la makumbusho la Bremen kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Twining alitafuta yale ambayo uwiano wa upana na urefu wake ulikaribiana na wa vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha akachagua lililokuwa na tundu la risasi. Uwiano wenyewe ni hesabu ya darasa la sita: upana gawanya kwa urefu, zidisha kwa 100. Fuvu lenye upana wa milimita 130 na urefu wa milimita 183, kwa mfano, linatoa 71.

Sasa mwalimu anauliza. Kwanza, 84 ni asilimia ngapi ya 2,000? Pili, watu wangapi katika ukoo mmoja, au katika kijiji kizima, wanaweza kuwa na uwiano wa 71? Tatu, tuna uhakika kiasi gani kwamba fuvu hili ni lake? Watoto watapima vichwa vyao kwa rula, watajaza jedwali, watachora grafu, na wataona kwa macho yao kwamba vichwa vingi vinakusanyika katikati. Watatambua kwamba kipimo kama kile kinaweza kupunguza orodha, lakini hakiwezi kutaja jina. Mwalimu wa Uraia aingie hapo bila kuchelewa, kwa sababu upimaji wa mafuvu una historia chafu. Wakoloni waliutumia kudai kwamba watu wa rangi fulani ni duni, na mafuvu yale 84 hayakufika Bremen kwa ridhaa ya wenyewe. Shujaa mmoja ametupa asilimia, wastani, haki za binadamu na sheria ya kimataifa. Kama kuna mwalimu anayedhani somo la namna hii linamvunjia Mkwawa heshima, namwomba afikiri tena. Kumtilia shaka Twining si kumtilia shaka Mkwawa.

Twende Kondoa. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na ni mapango na miamba zaidi ya 150 ukihesabu eneo lote. Mary Leakey alikuja mwaka 1951 kuinakili. Pale Kolo kuna mchoro mmoja unaofaa kuwekwa mbele ya kila darasa la Sanaa katika mkoa huu: watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, mmoja amesimama katikati, wengine wamemshika kutoka kulia na kushoto. Leakey aliona mwanamke anayetekwa, upande mmoja ukimvuta na upande mwingine ukimzuia. Watafiti waliomfuata waliona jambo jingine: mganga au mchezaji aliyepandwa, na wenzake wanamshikilia asianguke, kama inavyofanyika katika ngoma za uponyaji. Mchoro ni ule ule. Wape watoto dakika kumi watazame kabla hujawaambia chochote, kisha kila mmoja aandike anachokiona na kile anachokikisia, katika safu mbili tofauti. Zoezi hili rahisi, la kutenganisha nililoona na nililodhani, lina thamani kuliko kurasa tano za maelezo ya sanaa ya kale, na halihitaji chochote zaidi ya picha moja iliyochapishwa kwa ukubwa wa kutosha.

Kolo kuna hadithi mbili nyingine zilizo hai. Ya kwanza ni ya mizimu na mvua: wenyeji bado hupanda kwenye miamba ya Mungomi wa Kolo kufanya tambiko, na pombe inayomwagwa humo imewatia wahifadhi wasiwasi kuhusu usalama wa michoro. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ililinda mwamba na rangi, lakini haikuwa na la kusema juu ya imani inayoufanya mwamba uwe mtakatifu. Ya pili ni hadithi ya hazina, kwamba Wajerumani walifukia mali huko walipokuwa wakikimbia. Watu wamechimba ndani ya mapango kuitafuta, na wameharibu tabaka za udongo ambazo ndizo hazina ya kweli kwa mtaalamu wa mambo ya kale. Kwa somo la Uraia sijui mada iliyo bora kuliko hii. Hadithi moja imewafanya watu waulinde mwamba kwa vizazi, hadithi nyingine imewafanya waubomoe. Nani ana haki ya kuamua nini kifanyike pale: mzee wa tambiko, ofisa wa mambo ya kale, mtalii, au mtoto wa Kolo ambaye hajazaliwa?

Ugogo unatupa muziki, na humo sayansi ya sauti ipo wazi. Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba na zeze za Wagogo mbele ya dunia. Watafiti wa muziki wameonyesha kwamba uimbaji wa Kigogo umejengwa juu ya sauti zinazopatikana ndani ya mtetemo mmoja wa asili: ukichukua sauti ya msingi, zile zinazotetema mara 4, 5, 6, 7, 8 na 9 zaidi ndizo zinazounda ngazi ya nyimbo zao. Mwalimu wa Sayansi ana uzi, kibao na kopo. Wagiriki nao wana hekaya yao, kwamba Pythagoras alipita karibu na karakana ya mhunzi, akasikia nyundo zikilia kwa upatano, akazipima uzito na kugundua siri ya muziki. Hekaya hiyo ilinakiliwa Ulaya kwa karne nyingi mpaka mtu alipoijaribu akakuta nyundo hazifanyi hivyo. Nyuzi ndizo zinazofanya. Darasa la Mvumi au la Chamwino linaweza kuyajaribu yote mawili kwa kipindi kimoja, na kisasili cha Kigiriki kikaangushwa na zeze ya Kigogo.

Nyota nazo zisisahaulike. Kilimia, lile fungu dogo la nyota ambalo Wagiriki walisema ni mabinti saba wa Atlas, linaonekana likichomoza mashariki jua linapozama mwezi Novemba, na kwa Dodoma, yenye mvua za wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka zinazonyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, huo ndio wakati wa kuweka mbegu tayari. Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa kale, aliwaagiza wakulima wa kwao walime Kilimia kinapotua alfajiri. Ukichora jua, dunia na nyota ubaoni utaona kwamba kuchomoza jua linapozama na kutua alfajiri ni tukio la majira yale yale, likitazamwa kutoka ncha mbili za usiku mmoja. Mkulima wa Ugiriki na mkulima wa Afrika Mashariki walikuwa wakisoma kalenda moja.

Haya yananifikisha kwenye hoja inayogawa walimu: je, tufundishe Wagiriki? Wapo wanaoona ni ukoloni uliobaki. Sikubaliani nao, mradi mpangilio uwe sahihi. Mwalimu Nyerere aliyetafsiri Shakespeare hakuona aibu, na Samuel Mushi alituletea *Mfalme Edipode* wa Sophocles kwa Kiswahili tangu mwaka 1971. Kosa linakuja pale Achilles anapotangulia na Liyongo akawa kiambatisho. Mtoto aanze na wa kwao, kisha awapange pamoja: Liyongo wa Pwani asiyeuawa ila kwa kuchomwa kitovuni, Lwanda Magere wa Wajaluo ambaye uhai wake ulikuwa kwenye kivuli, Samsoni wa Biblia na nywele zake, Achilles na kisigino. Kila mmoja ana mahali pamoja padogo pa udhaifu, na karibu kila mmoja siri yake inatolewa na mtu wa ndani. Liyongo alisalitiwa na mwanawe. Lwanda Magere na Samsoni waliponzwa na wanawake waliowaamini. Kwa nini jamii zilizo mbali hivi zinawaza hivyo? Swali hilo halina jibu moja, na ni zuri kwa sababu hiyo.

Vikwazo vipo, na vizito. Cha kwanza ni dini. Ugogo ulipokea wamisionari wa Kianglikana pale Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Warangi wa Kondoa walio wengi ni Waislamu. Mzazi akisikia mwanawe amefundishwa habari za mizimu ya mvua atakuja shuleni, na ana haki ya kuja. Jibu la kweli ni kumwambia kwamba shule inafundisha juu ya imani ile, haiwafundishi watoto kuiamini wala kuidharau, na kumwalika akae nyuma ya darasa asikilize. Mwalimu asiyeweza kusema hivyo kwa utulivu bado hajawa tayari kufundisha mada hiyo.

Cha pili ni ukabila. Uchifu uliondolewa kisheria mwaka 1963, na kwa miaka mingi taifa lilikwepa kwa makusudi kuwapamba mashujaa wa kabila moja moja. Tahadhari ile ilitujengea amani, siibezi. Lakini dawa yake ni kufundisha mashujaa wa jirani, si kunyamaza. Mtoto wa Kigogo amsome Liti, wa Kinyaturu amsome Mkwawa, wa Kihehe asome wimbo na njaa ya Ugogo. Ndiyo, njaa pia. Ile njaa ya Mtunya ya kati ya 1917 na 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na ukame ukafuata, inakadiriwa iliua watu 30,000 kati ya 150,000. Mtu mmoja katika kila watano. Orodha zetu za mashujaa zimejaa wenye mikuki. Waliowavusha watoto wao salama kupitia Mtunya hawana uwanja wa mpira, na masomo ya Hisabati, Jiografia na Historia yanaweza kuwapa nafasi ambayo utenzi haukuwapa.

Cha tatu ni lugha. Mtoto anayejadili nyuki wa Liti kwa Kiswahili fasaha darasa la sita anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Biolojia, Hisabati na Jiografia kwa Kiingereza. Mradi wa masomo mengi unakatika hapo hapo. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa kuwa linabaki kwa Kiswahili linaweza kuwa nguzo ya kati, na mwalimu wa Kiingereza akapewa kazi ya kuwafanya wanafunzi waisimulie hadithi ile ile kwa lugha ya pili. Mtu hujifunza lugha ngeni haraka akiwa na jambo analotaka kulisema.

Cha nne, mtihani, ndicho kinachotajwa kwanza na kila mwalimu niliyezungumza naye kuhusu jambo hili, na nakiweka mwisho kwa sababu kina tiba nyepesi kuliko vingine. Hakuna anayehitaji mada mpya. Asilimia, wastani, sauti, wadudu, majira ya mvua, fasihi simulizi na uvamizi wa wakoloni vyote vimo katika muhtasari tayari. Kinachohitajika ni mkutano mmoja wa walimu mwanzoni mwa muhula, maazimio ya kazi yakiwa mezani, ili wapatane kwamba wiki fulani ya mwezi fulani kila mmoja atachukua mifano yake kutoka kwa shujaa mmoja. Mmoja kwa muhula anatosha. Shule ikijaribu kumi, itarudi kule kule kwenye orodha ya majina na sifa.

Kazi iliyobaki ni ya Taasisi ya Elimu Tanzania na ya vyuo vilivyo hapa hapa Dodoma: kuandaa vitabu vya ziada vyembamba, kimoja kwa kila shujaa au eneo, vyenye simulizi kwa maneno ya wasimulizi wenyewe, ramani, picha zinazoonekana, na nyaraka chache zilizotafsiriwa, ili mwalimu aliyehamishiwa Chemba kutoka Kagera au Mtwara naye aweze kuanza. Mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza elimu ya msingi pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa wakati mmoja, katika mfumo ambao elimu ya lazima ni miaka 10. Vitabu hivyo viwe vimefika shuleni kabla ya hapo. Na mwalimu wa Singida asivisubiri: mizinga iko nyuma ya shule yake, aanze Liti muhula ujao.